Siku 214, Kisha Ngazi za Nyuma: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kurudia Sigara

Kaka yangu alivuta sigara kwa miaka 19. Akaacha kwa siku 214. Usiku mmoja akavuta nusu ya sigara, na haikupita hata wiki mbili alikuwa amesharudi kwenye sigara 12 kwa siku, kwa siri, huku sisi wote tukiendelea kumpongeza. Ameniruhusu nikiandike kisa hiki kwa masharti mawili: nisitaje jina lake wala kazini kwake, na nisimpambe.

Nakiandika kwa sababu kila aliyekisikia alikuwa na jibu mkononi. Wenzake kazini walisema jasiri haachi asili. Wifi yangu alisema nia yake haikuwa ya kweli tangu mwanzo. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mdogo wangu, sigara imenishinda, tukubali tu." Mimi nililaumu zamu za usiku. Siku tulipoketi mezani na karatasi, tukaurudia usiku mmoja baada ya mwingine, tuligundua kwamba majibu yote manne yalijaribu kueleza ile nusu sigara tu, tena kwa shida. Hakuna hata moja lililoeleza siku 38 zilizofuata. Na siku hizo 38 ndizo kisa chenyewe.

Alivyoacha

Ni fundi wa mitambo kiwandani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameifanya usiku. Alikuwa akivuta sigara kama 15 kwa siku, lakini hazikuwa zimetawanyika sawasawa. Nyumbani alivuta tatu au nne. Zilizobaki zilikuwa na mahali pake maalumu: ngazi za chuma nyuma ya jengo, ambako mafundi hutoka wakati wa mapumziko, au mtambo unapogoma na hasira zikapanda. Nazitaja ngazi hizi mapema kwa sababu sikuzipa uzito hadi mwisho kabisa. Pale ndipo alipofundishwa kazi na waliomtangulia. Pale ndipo alipopewa habari ya kupandishwa cheo. Pale ndipo alipopokea simu ya msiba wa baba yetu, na kila mara alikuwa na sigara mkononi.

Kisha akahamishiwa ofisi ya mipango, kazi ya mchana, mbali na mitambo. Aliamua kuacha wiki ileile ya kuhama. Hakutumia dawa, hakumwona mshauri, alikata tu. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya: usingizi ulimtoroka, alifokea watu kwa mambo madogo, mikono ilitafuta kitu cha kushika. Kufikia mwisho wa mwezi, ile hali ya mwili kudai, ambayo mitaani huitwa arosto, ilikuwa imelegea. Mwezi wa tatu alisema kuna siku zinapita bila kuikumbuka sigara hata mara moja.

Aliweka kwenye simu programu ya kuhesabu siku. Akawa anatuonyesha. Siku ya 100 tulimfanyia sherehe ndogo. Vijana wawili kazini waliotaka kuacha wakaelekezwa kwake awape mbinu, akawa mwalimu. Mimi nami nikajiwekea desturi: kila Jumapili nampigia simu, na neno langu la kwanza baada ya salamu ni "Ngapi sasa, kaka?" Naye anajibu namba. Nilijivunia sana swali lile.

Siku ya 196 fundi mmoja wa usiku aliondoka, kaka akaombwa ashike nafasi yake kwa miezi michache. Alikubali. Hakuna aliyeona tatizo, hata mimi. Miezi sita na zaidi ilikuwa imepita. Mavi ya kale hayanuki.

Usiku ule, na zile zilizoutangulia

Tulipoanza kuandika, kaka alianzia saa tisa na dakika ishirini usiku. Mtambo umesimama, wamegombana na msimamizi wa zamu, ametoka nje akihema, na kijana mmoja akamnyooshea pakiti bila kusema neno. Akachukua moja.

Nilimwomba arudi nyuma zaidi. Ilikuwaje ukawa pale ngazini?

Jibu lilichukua karibu saa nzima, na lilitoka vipande vipande. Wiki ya kwanza ya kurudi usiku alikuwa anapumzika ndani, kwenye chumba cha vifaa, na chupa yake ya maji. Wiki ya pili akaona chumba kile kina joto, akawa anasimama mlangoni kupunga upepo. Siku chache baadaye akaona si vizuri kusimama peke yake kama mtu anayejidai, akashuka kukaa na wenzake. Hakuvuta. Alikaa tu, akapiga soga, akafurahi. Usiku mmoja mwenzao akakosa kiberiti, na kesho yake kaka alikuja na kiberiti mfukoni.

Hapo niliacha kuandika nikamtazama. Kiberiti cha nini kwa mtu asiyevuta? Alinyamaza muda mrefu. Akasema hakuwahi kujiuliza. Alidhani anawasaidia wenzake.

Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, ambaye alitumia miaka mingi kuwachunguza watu wanaoacha pombe na sigara, aliyapa uzito mkubwa maamuzi ya namna hii: maamuzi madogo ambayo, yakitazamwa moja moja, hayana uhusiano wowote na uraibu. Joto la chumba ni kweli. Upweke ni kweli. Kumsaidia mwenzako ni jambo jema. Lakini kila moja linamsogeza mtu hatua moja karibu na mahali ambapo kukataa kutamgharimu zaidi. Kufikia usiku wa mtambo kusimama, kaka alikuwa na kiberiti, alikuwa na mahali pa kukaa, alikuwa na wenzake kulia na kushoto. Kilichokosekana ni sigara tu, na sigara ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote kupatikana.

Ladha yake anaikumbuka vizuri. Ilikuwa chungu, kichwa kikazunguka, akaitupa ikiwa nusu. Anasema alijisikia karibu kama mtu aliyepona: ameionja, hakuipenda, basi.

Kwa nini siku ya 215

Swali lililonikera ni hili. Mwili ulikuwa hauidai. Nikotini haikai mwilini: kila baada ya saa mbili hivi, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu, na ndani ya siku chache inakuwa imekwisha. Dalili za kuacha huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, kisha kwa watu wengi hulegea ndani ya wiki tatu au nne. Kaka alikuwa na miezi saba. Sasa kitu gani kilirudi?

Jibu zuri zaidi nililolipata lina asili katika maabara ya Ivan Pavlov, Mrusi aliyewafundisha mbwa kudondokwa na mate kwa ishara ya chakula kinachokuja. Alipoirudia ishara mara nyingi bila kuleta chakula, mate yalikoma. Ungedhani mbwa amesahau. Lakini baada ya kupumzishwa kwa muda, ishara ileile ilileta mate tena. Mazoea hayakuwa yamefutika, yalikuwa yamefunikwa.

Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont nchini Marekani amelifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, na alichokionyesha kinamgusa kaka yangu moja kwa moja. Mnyama akijifunza jambo kwenye chumba kimoja, kisha akaachishwa kwenye chumba kingine, ukimrudisha chumba cha kwanza mazoea ya zamani yanajitokeza tena. Kwa maneno mengine, kile tunachojifunza wakati wa kuacha kimefungamana zaidi na mahali tulipoachia, kuliko yale mazoea ya awali yalivyofungamana na mahali pake.

Kaka alijifunza kuvuta ngazini. Aliacha ofisini. Siku zote zile 196 zilikuwa siku za kutovuta *ofisini na nyumbani*. Hakuwa amewahi hata usiku mmoja kujifunza kutovuta ngazini, saa tisa usiku, mtambo umegoma. Kwa upande huo alikuwa bado hajaanza, na hakuna aliyemwambia.

Kuna ushahidi wa upande wa pili wa shilingi hii, tena kutoka kwa binadamu. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtushwa na idadi ya wanajeshi wake waliokuwa wakitumia heroini Vietnam. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia waliorejea nyumbani. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu alipokuwa huko. Wengi walitarajia janga. Badala yake, kati ya waliokuwa waraibu, ni takriban 5 tu katika kila 100 waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza. Sababu ni nyingi, na mahali si sababu pekee. Heroini ilikuwa ngumu zaidi kupatikana nyumbani, na maisha yao yalikuwa mengine kabisa. Lakini ninapomfikiria kaka nawaza kwamba wale waliondolewa mahali pao pa uraibu na hawakurudishwa. Yeye alirudishwa, na sisi tukampongeza kwa kuaminiwa na wakubwa.

Kwa hiyo ile nusu sigara naielewa. Siilaumu nia yake. Mtu aliyewekwa pale, na yale maamuzi madogo yakiwa yameshampeleka hadi ngazi ya mwisho, alihitaji maandalizi ambayo hakupewa.

Kutoka nusu hadi 12

Lugha yetu inatofautisha vizuri kujikwaa na kuanguka. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Marlatt na mwenzake Judith Gordon, katika kitabu chao cha mwaka 1985 kuhusu kuzuia kurudia uraibu, walijenga hoja yao juu ya tofauti hiyohiyo: tukio moja ni jambo moja, kurudi kikamilifu ni jambo lingine, na kati ya hayo mawili kuna nafasi. Walichotaka kujua ni kinachotokea ndani ya nafasi ile. Hoja yao ni kwamba mara nyingi si kemikali inayomsukuma mtu kutoka la kwanza hadi la pili. Ni maana anayolipa tukio la kwanza. Aliyejiwekea sheria ya "kamwe" akiivunja mara moja, hujiona si mtu aliyefanya kosa bali mtu wa aina ile: sikuwahi kuacha, nilikuwa najidanganya. Na mtu wa aina ile hana sababu ya kukataa sigara ya pili.

Haya ndiyo aliyonisimulia kaka kuhusu asubuhi ile.

Aliponawa mikono kabla ya kuingia nyumbani, alijua tayari kwamba hatamwambia mkewe. Alipolala alifungua simu, akaitazama ile programu. Ilikuwa inasomeka 215. Kulikuwa na kitufe cha kukiri kwamba umevuta, na ukikibonyeza namba inarudi sifuri. Hakukibonyeza. Lakini tangu dakika ile, anasema, namba ile ilikuwa uongo, na kila asubuhi ilivyoongezeka uongo uliongezeka nayo. Kichwani mwake sifuri ilikuwa imeshaandikwa. Siku 214 zilikuwa zimekwenda zote kwa mkupuo.

"Maji yakimwagika hayazoleki," aliniambia. "Nikaona kama nimeshayamwaga, basi nivute hadi Jumamosi, Jumatatu nianze upya."

Usiku uliofuata alivuta mbili. Kwa nini asivute? Gharama ilikuwa imeshalipwa. Mtu aliye kwenye siku ya 214 ana kitu cha kupoteza. Aliye kwenye sifuri hana. Jumatatu ilifika, akaona wiki hiyo ina kazi nyingi, akasogeza mbele. Siku ya kumi na moja alikuwa kwenye sigara 12.

Ninapoyatazama maji yale sasa naona methali ilitumika mahali si pake. Hayakumwagika. Mapafu yaliyopumzika miezi saba hayakusahau kwamba yamepumzika. Mbinu alizozijenga za kuvuka asubuhi mbaya, mazoea mapya ya baada ya kazi, usingizi uliorudi, vyote vilikuwepo. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Wengi huutaja kwa sababu ya namba 66, ambayo ni siku za wastani ambazo zoea lilichukua kushika, ingawa kwa mmoja zilikuwa 18 na makadirio ya mwingine yalifika 254. Mimi nimeng'ang'ania matokeo yao mengine yasiyotajwa sana: kukosa siku moja hakukuharibu kwa maana yoyote ile kazi ya kujenga zoea. Najua kula tunda kila siku na kuacha nikotini si jambo moja. Lakini hata hapa siku moja ilikuwa siku moja. Sifuri ilitoka kwenye programu, na kwetu.

Nasema kwetu kwa kukusudia. Katika siku zile 38 kulikuwa na Jumapili tano, na zote tano nilipiga simu na kuuliza, "Ngapi sasa, kaka?" Zote tano alinijibu namba. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Swali langu nilidhani ni la kumtia moyo, na kwa siku 214 huenda lilimtia moyo kweli. Baada ya hapo lilikuwa mlango niliomfungia kwa nje. Halikuwa na nafasi ya jibu lolote isipokuwa namba kubwa kuliko ya wiki iliyopita. Angejibu nini? Na wale vijana wawili aliowafundisha je, angewaambia nini?

Na siri ilifanya kazi yake yenyewe, ambayo naiona kuwa mbaya kuliko nikotini. Ili kuficha, alianza kuchelewa kurudi nyumbani asubuhi. Alianza kutembea peke yake. Akaacha kukaa mezani na wanawe akitoka kazini, eti amechoka, kwa sababu alinuka moshi. Msaada wote aliouzoea kwa miezi saba, yaani mke, watoto, mimi, hata fahari yake mwenyewe, aliukwepa mmoja mmoja kwa sababu kila mmoja alikuwa shahidi. Mwisho wake akabaki na kundi moja tu ambalo hakulazimika kulidanganya, nalo lilikuwa ngazini.

Alinieleza siku ya 38, baada ya mmoja wa wale vijana kumpigia simu akilia kwamba ameteleza, amevuta tatu, amemwangusha. Kaka akamjibu kwa upole sana: hujaniangusha, ni sigara tatu, zitupe zilizobaki. Alipokata simu akajisikia akisema maneno yale, akakaa kitako. Alikuwa amempa mtu mwingine rehema aliyojinyima mwenyewe wiki tano nzima.

Pingamizi

Wifi yangu alilipinga hili, na pingamizi lake si dogo. Alisema tukianza kuwaambia watu kwamba kuteleza si kitu, tunawapa ruhusa. Kila mtu atateleza kila Ijumaa.

Nakubaliana naye nusu. Ule usemi kwamba kurudia ni sehemu ya kupona siupendi unaposemwa kabla ya tukio. Nimewahi kumsikia mtu akiutumia huku anawasha sigara. Isitoshe, ile sigara ya kwanza ni hatari kweli. Wengi wanaovuta moja huishia kurudi, na kaka ni mmoja wao. Sisemi si kitu. Ninachosema ni kwamba kabla haijawashwa inastahili kuogopwa kwa uzito wake wote, na ikishazimwa inastahili kutazamwa kama ilivyo: ni moja.

Kuhusu ruhusa, kuna utafiti mmoja unaonifanya nisikubaliane na ile nusu nyingine. Michael Wohl na wenzake nchini Kanada, mwaka 2010, waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, wakitazama tabia ya kuahirisha kusoma. Waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani wa pili. Aliyejichukia aliendelea kukikimbia kile kitabu, kwa sababu kila akikifungua anakutana na aibu yake. Kaka hakuwa akikimbia kitabu, alikuwa akiikimbia simu yangu.

Tulichobadilisha

Kwanza alimwambia mkewe. Hilo halikuwa jepesi na si langu kulisimulia.

Pili, alikwenda kliniki. Safari iliyopita alikataa msaada kwa sababu ya fahari. Safari hii alipewa plasta za nikotini pamoja na pipi za nikotini za kutafuna hamu inapobana ghafla. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 130 na washiriki zaidi ya 64,000, yalikuta kwamba tiba za namna hii huongeza uwezekano wa kufanikiwa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Mhudumu alimwuliza amejaribu mara ngapi. Kaka akasema kwa aibu, mara nne. Yule mhudumu hakushangaa, na takwimu zinampa haki: uchambuzi wa data za wavutaji wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba mvutaji anaweza kuhitaji majaribio 30 au zaidi kabla ya kukaa mwaka mzima bila sigara.

Tatu, ngazi. Mwanzoni nilitaka aombe kurudishwa mchana. Aliomba, haikuwezekana kabla ya miezi mitatu. Basi tukaamua kwamba kama lazima awe usiku, lazima ajifunze usiku. Aliwatangazia wenzake waziwazi kwamba alirudia na sasa anaacha tena, wasimpe hata pafu moja. Kiberiti kikatoka mfukoni. Mapumziko akarudi ndani, na joto lile akalitatua kwa feni. Aliandika kwenye karatasi, kwa mkono wake, "Mtambo ukigoma na nikagombana na mtu, nitakwenda kwenye bomba la mbele, nitanawa uso, nitampigia simu mke wangu." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeshughulikia sana jambo hili miaka ya 1990, ameonyesha kuwa mpango wenye umbo hili la "likitokea lile, nitafanya hili" hutekelezwa mara nyingi zaidi kuliko nia tupu, kwa sababu uamuzi unakuwa umeshafanyika kabla hasira hazijapanda.

Nne, namba. Hapa tulibishana. Yeye alitaka kuifuta kabisa ile programu. Mimi nilihisi siku 214 hazistahili kutupwa. Tukakubaliana juu ya daftari dogo. Kila siku isiyo na moshi inaongezwa kwenye jumla. Siku yenye moshi haiongezwi, lakini pia haipunguzi kitu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa 214, si sifuri.

La mwisho lilinihusu mimi. Niliacha lile swali la Jumapili. Badala yake tuliwekeana ahadi: akivuta, ananiandikia ujumbe kabla hajatoka pale alipo, na mimi nitajibu maneno tuliyokubaliana mapema. Tuliyaandika mapema kwa sababu niliogopa kwamba usiku wa manane, nikiwa na usingizi na uchungu, nitamjibu kama dada aliyevunjwa moyo.

Usiku wa tisa, saa tisa na dakika arobaini, simu iliita chini ya mto. "Nimevuta moja. Nimekuambia."

Moyo uliniuma, siwezi kuficha. Nikaandika kama tulivyopanga: "Asante kaka. Uko wapi sasa hivi?"

"Ngazini."

"Ingia ndani, basi. Nipo macho."

Zikapita dakika kama sita. "Nimeingia. Kijana amenipa pakiti, nimemrudishia." Asubuhi alimwambia mkewe kabla ya kulala, tena kabla hajanawa mikono. Usiku uliofuata alikaa kwenye chumba cha vifaa na feni yake.

Jumapili, siku tatu baadaye, nilipiga simu. Nilimwuliza habari za watoto, nikamwuliza kama ule mtambo umetengemaa. Tuliongea muda mrefu kuliko kawaida yetu. Tulipokuwa tunaagana akasema, "Hujauliza, mdogo wangu."

Nikamwambia sitauliza.

"Basi andika," akasema. "Mia mbili kumi na nne, ongeza nane, ongeza tatu."